Kunawa na Kunywa

Tarehe 3 Februari

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimerudi kwenye kalamu na karatasi kwa sababu Shangazi amenikataza kukupigia simu. Anasema mara ya mwisho uliitikia "ndiyo, ndiyo" kwa kila nilichosema, kisha ukamrudishia simu ukamwambia, "Huyu mtu wa bima ana adabu sana." Basi Babu, mtu wa bima ni mimi mjukuu wako, na nilikuwa nakuambia kwamba nimepandishwa cheo.

Huku sote wazima. Mama ameng'olewa jino la mbele na sasa kila akisema "samahani" tunarushiwa mate. Anakusalimu sana, anataka kujua kama lile blanketi limefika.

Sasa hilo la cheo. Tangu mwezi uliopita mimi ndiye Mkuu wa Uendelevu wa kiwanda, kiwanda chako kilekile cha kutia nguo rangi. Shangazi akiuliza uendelevu ni mdudu gani, mwambie ni kazi ya kuhakikisha kwamba tunauza nguo leo bila kuwaharibia watu maji na hewa yao ya kesho, na kwamba jambo hilo linakaa ndani ya mipango ya biashara yenyewe, si pambo la kupigia picha.

Kila asubuhi napita penye kibao cha getini: MAJI YANAYOTOKA HAPA YANAFAA KUNYWA. Chini yake kuna lile bomba, na mlinzi hujaza birika lake hapo. Na katika chumba cha mikutano picha yako bado inaning'inia, umekunja uso kama mtu aliyekaliwa kofia, na chini imeandikwa "Mwanzilishi wa Ahadi ya Kunywa". Wageni wakija huwa nasema, "Huyo ni babu yangu," halafu najifanya sijali.

Lakini tuna mkurugenzi mpya. Wafanyakazi wanamwita Mzee Asilimia. Mkewe alipojifungua tukamuuliza hali yake, akajibu ameimarika kwa asilimia themanini. Si mtu mbaya, Babu. Ila amesoma sheria, akaona inadai tu maji ya mto yafae kunawa. Anasema chujio la tatu limezeeka, tulizime badala ya kulijenga upya, na kibao kibadilishwe. "Ni herufi moja tu," ameniambia. "Toa y, weka a."

Bodi inakaa tarehe 20 Aprili. Nimeambiwa nikaitetee ahadi mbele yao. Takwimu ninazo, lakini wao wana nyingi kuliko zangu. Ninachokosa ni wewe. Niandikie ukurasa mmoja tu: siku ile ulipolifikiria neno "kunywa", wakati viwanda vyote vilikuwa vikimwaga rangi mtoni bila kupepesa macho, ulikuwa unawaza nini?

Mjukuu wako,
mtu wa bima


Tarehe 19 Februari

Bibi mdogo,

Marahaba. Hongera kwa cheo, na pole kwa kuitwa mtu wa bima, ingawa ulikuwa na adabu kweli.

Blanketi limefika. Ni zuri, ila linanifanya nionekane kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Shangazi yako ananitunza kama waziri wa mambo ya ndani: chumvi ameificha, sukari ameifungia, na habari za kusikitisha ananikatia kwenye gazeti kwa mkasi kabla sijasoma. Leo gazeti limenifikia likiwa na matundu tu na matokeo ya mpira.

Goti la kulia limegoma, la kushoto linafikiria kumuunga mkono mwenzake. Moyo nao una mwendo wake. Daktari huja Jumatano, huusikiliza kwa muda mrefu kuliko zamani.

Umenikumbusha mto. Ninyi hamkuuona ule. Watu wa chini ya mto hawakuhitaji kalenda. Walijua kiwanda kimepata oda gani kwa kutazama maji. Wiki ya nyekundu, wiki ya kijani. Kulikuwa na mbuzi mmoja mweupe aliyependa kuvuka maji; kufikia mwisho wa mwezi alikuwa bluu mpaka tumboni, na mwenye mbuzi akaja getini kudai tumrudishie rangi yake. Tulicheka sana ofisini. Sasa nikikumbuka sicheki sana.

Lile chujio la tatu nalijua kama kiganja changu. Changarawe zake nilizichagua mwenyewe. Usikubali lizimwe.

Kuhusu ukurasa ulioniomba, kalamu yangu imeishiwa wino.

Babu yako


Tarehe 5 Machi

Babu,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa kurasa nne, zote kwa wino mweusi uliokolea, pamoja na ule mstari unaosema kalamu imeishiwa wino. Nimemwonyesha Mama, akasema, "Babu yako huyo." Nikamwambia, "Mkweo wewe."

Sikulaumu. Najua hupendi kujisifu. Lakini si sifa ninazozitaka, nataka hoja. Mzee Asilimia anasema ahadi ile ilikuwa maneno ya jukwaani, mtu aliropoka kwenye sherehe. Nimembishia hadi sauti ikakauka. Nimemwambia babu yangu hajawahi kuropoka maishani mwake. Aliandika kila neno, akalipima.

Na kuna jambo nililotaka kukushtukiza nalo, lakini ngoja niseme labda litakutia wino. Tunamalizia maabara mpya ya kupima maji. Wafanyakazi wamepiga kura iitwe kwa jina lako. Kibao kimeshaagizwa. Mama amelia, na bila lile jino kilio chake kina filimbi.

Andika, Babu. Mistari mitano inatosha.

Mjukuu wako


Tarehe 17 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Shangazi yako amekwenda sokoni, nami nimejikokota hadi kwenye kiti cha dirishani. Jumatano daktari alizima kile kipimo chake akaniambia moyo umechoka, hauna mwaka. Alilisema kwa upole, kama mtu anayerudisha kitabu alichoazima. Usilie. Nimeishi miaka themanini na minne na meno yangu ni mengi kuliko ya mama yako. Ila sina tena muda wa kuishiwa wino.

Simamisha kibao cha maabara.

Nilikuwa afisa mipango, na hotuba zote za mkurugenzi wa kwanza ziliandikwa na mimi. Kwa sherehe ya kiwanda kutimiza miaka kumi nilimwandikia kwa mkono sentensi hii: "Katika miaka kumi ijayo, maji yanayotoka kiwandani kwetu yatafaa kunawa." Kunawa. Nilikuwa nimepiga hesabu ya machujio mawili, na kwangu mimi kunawa kulikuwa ujasiri mkubwa. Nikampa mpiga chapa.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na tisa, tukimwita Bi Mashine kwa wepesi wa vidole vyake. Asubuhi ya sherehe nilikuwa nikihangaika na viti, sikuisoma karatasi tena. Mkurugenzi akasimama, akasoma: "yatafaa kunywa." Wageni wa mbele wakatazamana. Nyuma, kwenye kamba, walikosimama watu wa chini ya mto, makofi yakaanza, na hayakwisha haraka.

Mkurugenzi aliniita hata kabla viti havijaondolewa. "Nani ameandika upuuzi huu?" Nikamjibu, "Mpiga chapa amekosea." Ndivyo nilivyoamini. Lakini hotuba ilikuwa yangu, na kuisoma ilikuwa kazi yangu, na hilo sikulisema. Kesho yake Bi Mashine akaondolewa ofisini, akapelekwa chumba cha kasoro, kule wanakochambua nguo zilizotoka na madoa.

Wiki haijapita, magazeti yakaandika. Mnunuzi mkubwa wa ng'ambo akaleta barua, akisema anataka kufanya biashara na kiwanda chenye ahadi kama hiyo. Mkurugenzi akaniita tena, safari hii akanikaribisha kiti. "Wazo hili hasa lilikuwa la nani?"

Nikasema, "Langu."

Basi ndiyo hiyo, mjukuu wangu. Lilipokuwa kosa lilikuwa lake, lilipogeuka busara likawa langu. Nikapandishwa cheo. Miaka saba nilifanya kazi kama punda ili neno lile liwe kweli, nikajenga chujio la tatu, na siku mkurugenzi alipokunywa glasi ya kwanza pale bombani, macho ameyafumba kama anameza dawa, kiwanda kizima kilishangilia. Bi Mashine alisimama dirishani kwenye chumba cha kasoro. Nilimwona. Alikuwa anacheka. Sijawahi kujua alikuwa anacheka nini.

Alikaa chumba kile miaka kumi na tisa. Bibi yako marehemu hakujua. Mama yako hajui. Huyo Mzee Asilimia yuko sahihi kuliko anavyojua: ahadi ile iliropokwa. Najua nakuharibia hoja yako, na ndiyo sababu nilikaa kimya mwezi mzima. Lakini usiipeleke kwenye bodi ikiwa imesimama juu ya jina langu.

Ukiona vema, shusha ile picha. Ukiona vema pia, usinijibu.

Babu yako


Tarehe 28 Aprili

Babu,

Shikamoo. Nimekawia, nawe unajua kwa nini.

Nilikukasirikia siku kumi na moja. Nilipita mbele ya picha yako nikitazama dari. Siku ya kumi na mbili nikajikuta nakunywa chai iliyochemshwa kwa maji ya bomba lile, nikaona ni kazi ngumu kumnunia mtu huku unakunywa jasho lake. Nikaenda kumtafuta Bi Mashine.

Yuko hai, Babu. Anakaa ng'ambo ya daraja, chini ya mto, nyumba ya milango ya kijani. Ana miaka sabini na mitano na mgongo ulionyooka kunishinda. Alinifungulia, akanitazama, akasema, "Huo uso nimeuona mahali umekunjwa." Nikamwambia mimi ni mjukuu wako. "Ingia. Nilidhani atakuja mwenyewe, lakini alikuwa mzito wa miguu tangu ujana."

Nikamsomea barua yako yote. Alisikiliza huku anachambua mchele, hakuinua kichwa. Nilipofika "mpiga chapa amekosea" akauweka ungo chini.

"Mwambie babu yako," alisema, "mimi nilifundishwa kupiga chapa nimefungwa kitambaa machoni. Katika maisha yangu sijawahi kukosea herufi."

Sikumwelewa mara moja. Akaniuliza, "Y na a ziko wapi kwenye mashine?" Nikaweka vidole mezani kama ninaandika. A iko pembeni kabisa mkono wa kushoto. Y iko juu, katikati, na hupigwa kwa mkono wa kulia.

"Umeona? Mtu hatelezi umbali huo."

Alikusudia, Babu. Alizaliwa kwenye nyumba ile ile ya milango ya kijani. Mbuzi wa bluu alikuwa wa baba yake. Alipokuwa anachapa sentensi yako alisimama kidogo, akajiuliza watu wake wanawe maji halafu wanywe nini, kisha akainua kidole.

Nikamuuliza kwa nini hakusema, miaka yote hiyo kwenye madoa. Akacheka. "Ningesema nimekusudia, wangefuta neno siku hiyo hiyo na kunifukuza. Likibaki kosa, wataona haya kulifuta, maana limeshapigiwa makofi. Halafu babu yako akasema ni lake. Nikashukuru. Mtu akishasema jambo ni lake, atalitafutia chujio." Kuhusu chumba cha kasoro alisema tu kwamba kilikuwa na baridi, na kwamba alikukasirikia miaka minne hivi, kisha maji yakaanza kung'aa akapata mengine ya kutazama.

Halafu akafungua bahasha ya vyeti vyake akanitolea karatasi. Rasimu yako. Mwandiko wako, na neno "kunawa" limepigiwa mstari kwa penseli.

Nilimwomba tuende wote kwenye bodi. Alivaa viatu vya kuhitimia chuo.

Mimi nilianza. Nilisema ukweli wote, jinsi ulivyoniandikia. Nikasema pia kwamba wanunuzi wetu watatu wakubwa wameliandika neno lile kwenye mikataba yao, na kwamba mabomba yetu yanalindwa na watu wa chini ya mto ambao hatujawahi kuwaomba. Walianza wenyewe siku walipoonja. Ahadi ile si gharama iliyobandikwa juu ya biashara yetu, nikasema, ndiyo biashara yenyewe.

Mzee Asilimia akamgeukia Bi Mashine. "Mama, tuna uhakika wa asilimia ngapi kwamba halikuwa kosa?"

"Mwanangu, niletee mashine na kitambaa."

Akajaribu njia nyingine: kunawa nako si kubaya, mama, sheria inaridhika.

"Siku ukija kwangu," Bi Mashine akamwambia, "umetembea, una kiu, nami nikakuwekea maji mezani, nikakuambia samahani, haya ni ya kunawa tu. Utasema nimekukaribisha kwa asilimia ngapi?"

Bodi nzima iliangua kicheko, na wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Asilimia mwenyewe. Yeye ndiye aliyetoa hoja kwamba chujio la tatu lijengwe upya. Wamekubali wote. Baadaye alinifuata kwenye korido akaniambia amebadili mawazo kwa asilimia mia, na kwamba hajawahi kuitumia namba hiyo.

Maabara itaitwa Maabara ya Bi Mashine, na picha yake itatundikwa kando ya yako. Rasimu yako na hotuba iliyochapwa zitawekwa kwenye fremu moja. Nilipendekeza picha yako itolewe, kwa kuwa ulisema mwenyewe. Bi Mashine akakataa. "Machujio si alijenga yeye? Ishusheni kidogo tu, ilingane na yangu."

Nami nimekusamehe. Mama pia, ingawa anasema utamweleza mwenyewe.

Mjukuu wako


Tarehe 9 Mei

Bibi mdogo,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara nne. Shangazi yako alinikuta nacheka peke yangu akamwita daktari. Daktari akaisoma naye akacheka, kisha akapima moyo wake kwanza, na wangu akasema hautavuka mwezi wa sita.

Miaka arobaini na sita nimembeba mwanamke yule kama mtu niliyemwangusha, kumbe yeye ndiye aliyekuwa amenishika mkono akinivusha. Kosa langu liko pale pale. Ila sasa lina uso unaocheka.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya kumpa. Isome, maana mwandiko wangu ni mbaya na sitaki ashindwe:

"Kwa Bi Mashine. Nilikutwisha kosa bila kukuuliza, kisha nikakunyang'anya sifa. Kila siku nilipita mbele ya dirisha la chumba cha kasoro nikitazama viatu vyangu. Sina udhuru. Nilitamani nisimame nawe penye bomba tunywe glasi moja moja, lakini kitanda hakiniachii. Kabla ya mwezi wa saba nitakufa. Ukiweza, nisamehe kabla ya hapo."

Babu yako


Tarehe 27 Mei

Babu,

Shikamoo. Mama ametia jino jipya, sasa anasema "samahani" ovyo ovyo bila kosa.

Nilimpelekea Bi Mashine karatasi yako. Alivaa miwani, akasoma, akapangusa miwani, akasoma tena. Halafu akasema, "Mwandiko haujapona." Akaniomba nimletee taipu ya zamani kutoka bohari. Amekaa nayo asubuhi nzima, mlango umefungwa, na mimi nje nasikia vidole. Babu, ni kweli, ni mashine.

Amenipa bahasha iliyofungwa. Amesema ameichapa barua yako upya kama ilivyostahili, hajagusa kitu ila kidogo, na kwamba uisome vizuri kabla ya kuweka sahihi, maana una historia.

Mjukuu wako


Tarehe 6 Juni

Bibi mdogo,

Marahaba. Safari hii nilisoma. Niliisoma neno kwa neno, kidole juu ya karatasi, kama nilivyopaswa kufanya asubuhi ile ya viti.

Yote ni yangu. Kutwisha, kunyang'anya, viatu, hata nukta ameziacha mahali pake. Nikafika mwishoni nikadhani macho yamenichezea. Nikamwita Shangazi yako asome kwa sauti. Akasoma: "Kabla ya mwezi wa saba nitakuja. Ukiweza, nisamehe kabla ya hapo."

Toa f, weka j. Na hizo mbili, nimepapasa mezani kama wewe, kila moja ina kidole chake.

Chini kabisa ameongeza mstari mmoja wa kwake: "Nimeshaweza. Njoo."

Daktari nilimwonyesha Jumatano. Alikunja kipimo chake, akasema safari ya saa tatu kwenye kiti cha nyuma, na mito mingi, haitaniharakisha kuliko blanketi hili. Atakuja nasi, anasema hajawahi kuona mto unaonyweka. Shangazi yako ameshapakia chumvi kwenye sanduku lake mwenyewe, akidhani sijamwona.

Nimeweka sahihi. Neno la kwanza la mwanamke huyu lilitugharimu miaka saba kulifanya kweli. Hili limetuachia wiki tatu, kwa hiyo njoo na gari Jumamosi asubuhi, usichelewe.

Na mwambie aweke glasi mbili pale bombani. Maji yasichemshwe.

Babu yako, ambaye anakuja